Habari Mbili za Kilwa Kwenye Kioo Kimoja

Historia ya kale ya Kilwa Kisiwani imetufikia kwa njia mbili zisizokubaliana. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu, Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 16 na mwandishi ambaye jina lake limepotea. Nakala tuliyonayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikapitia mikononi mwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, ikaishia London, na mwaka 1895 S. Arthur Strong akaichapisha. Ya pili imo ndani ya Décadas da Ásia, kazi ya Mreno João de Barros, mtumishi wa Casa da Índia mjini Lisbon, aliyechapisha juzuu yake ya kwanza mwaka 1552 bila kuwahi kukanyaga Kilwa.

Anayetaka kuijua Kilwa hana budi kuzisoma zote mbili kwa pamoja. Katika Kiarabu, sultani wa Shirazi anaota panya mwenye pua ya chuma akiguguna kuta za mji. Anaelewa kwamba nchi inakwenda kuharibika, anafunga safari na wanawe sita katika majahazi saba. La sita linatia nanga Kilwa, la saba linaendelea hadi Nzwani. Kwa Barros hakuna ndoto wala panya. Yupo Ali, mtoto wa sultani aliyezaliwa na mama Mhabeshi, anayedharauliwa na ndugu zake hadi akaondoka Hormuz na majahazi mawili. Kiarabu kinasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Barros anataja nguo, basi. Kiarabu kinaweka mwanzo huo katikati ya karne ya tatu ya Hijra, Barros anauweka baada ya mwaka wa 400. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa kuanzia 1960 hadi 1965, aliisogeza nasaba ya Kishirazi mbele zaidi, mpaka mwishoni mwa karne ya 12. Ukisoma habari moja leo na nyingine kesho, nusu ya tofauti hizi zitakuponyoka. Inabidi zikae jicho moja linapoweza kuzifikia.

Siku hizi maandiko ya aina hii husomwa kwenye kompyuta, kwa skani za majarida na vitabu vya zamani. Kompyuta yenyewe, pale Kilwa Masoko au Lindi mjini, aghalabu ni mpakato wa mtumba wenye kioo cha nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Mtu anafungua faili la kwanza, linajaa kioo kizima. Anafungua la pili, linalifunika la kwanza. Kuanzia hapo ni kuruka huku na huko, na kila anaporuka jina la sultani au hesabu ya majahazi inabidi ibebwe kichwani. Wengi wetu tumeuchukua utaratibu huu kuwa ndivyo kompyuta ilivyoumbwa. Sivyo. Kwamba dirisha moja limlalie mwenzake lilikuwa ni uamuzi wa watu, walioufanya kwa sababu zao, na waliopinga walikuwepo tangu siku za mwanzo.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliuonyesha umati wa wataalamu kipanya na kioo kilichogawanywa sehemu, kila sehemu ikiwa na kazi yake. Miaka mitano baadaye, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, ikatengenezwa kompyuta ya Alto. Kioo chake kilisimama wima kama karatasi ya barua: nukta 606 kwa upana, 808 kwa kimo. Ndani ya upana huo mdogo, Alan Kay na wenzake waliokuwa wakiunda lugha ya Smalltalk walitaka mtu aone michoro, maandishi na amri kwa wakati mmoja. Havikuenea. Kay akatoa wazo la kuviacha vilaliane, vya juu vikivifunika vya chini, kama karatasi zilizorundikwa juu ya meza. Dan Ingalls akabuni njia ya kunakili vipande vya picha kwenye kioo kwa kasi, na madirisha yakaanza kupandana. Sababu iliyowasukuma ilikuwa ufinyu wa kioo. Hilo naliona ndilo jambo la kulishika katika mkasa huu wote, kwa kuwa kila aliyekuja baadaye aliurithi utatuzi huo, hata pale ambapo ufinyu wenyewe haukuwepo tena.

Desemba 1979, wahandisi wa Apple walitembelea maabara hiyo. Miongoni mwao alikuwa Bill Atkinson, ambaye alirudi kazini akiwa na hakika kwamba ameona dirisha la chini likijichora upya lenyewe hata kama limefunikwa kwa sehemu. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Mashine za Xerox hazikuwa na uwezo huo. Lakini kwa kuwa aliamini limeshawezekana, alikaa chini akalifanya liwezekane, kwa hesabu za maumbo zilizoiwezesha kompyuta kujua ni pande gani tu za dirisha zinazoonekana na kuchora hizo peke yake. Kazi yake iliingia katika Lisa mwaka 1983, kisha katika Macintosh ya Januari 1984, ambayo kioo chake kilikuwa na nukta 512 kwa 342 tu. Katika nafasi ile, kuweka kurasa mbili bega kwa bega kusingekuwa na maana.

Wakati huohuo Xerox wenyewe walikuwa wamegeuka. Kompyuta yao ya biashara, Star, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na kioo kipana cha nukta 1024, na katika toleo lake la kwanza madirisha ya programu hayakupandana. Wabunifu wake walikuwa wamewatazama watu waliotumia madirisha ya kupandana wakaona kwamba muda mwingi unaishia katika kuyasogeza ili yasifunikane. Basi, wakauliza, kwa nini mashine isiifanye kazi hiyo yenyewe? Humo humo Palo Alto mfumo wa Cedar nao ukaja na madirisha ya kupangwa, na katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mradi wa Andrew, ambao James Gosling aliufanyia kazi kabla hajaunda lugha ya Java, ukashika njia hiyohiyo. Hawa walikuwa mabingwa wa fani, waliotazama watumiaji wakiwa kazini, wakafikia hitimisho lililo kinyume na lile la Macintosh.

Mmoja wao, Scott McGregor, alitoka Xerox akaenda Microsoft. Ndiyo maana Windows ya kwanza, iliyotoka tarehe 20 Novemba 1985, ilipanga madirisha ubavu kwa ubavu. Ukifungua programu ya pili, ya kwanza inasogea kuipisha. Zile ulizoziweka kando zinakaa mstarini chini ya kioo kama alama ndogo. Mpango ulikuwa mzuri. Mashine za wakati ule ndizo zilizouangusha: kioo cha nukta 640 kwa 350 ukikigawa mara mbili, kila upande unabaki na vijisentensi. Watu wakaona Windows ni hafifu, na Desemba 1987 toleo la pili likaruhusu kupandana. Machi 1988 Apple ikaishtaki Microsoft, na madirisha ya kupandana yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Kesi ilivutana hadi mahakama ya rufaa mwaka 1994, Apple ikashindwa, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mkataba ambao yenyewe iliutia saini na Microsoft Novemba 1985. Baada ya hapo kompyuta za ofisini karibu zote zilipandanisha madirisha.

Tanzania ilikuwa wapi wakati ubishi huu ukiendelea? Ilikuwa imefunga mlango. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kwa hiyo Star, Andrew na Windows ya kwanza vilikuja na kupita bila Mtanzania wa kawaida kuviona. Marufuku ilipolegea na kompyuta ndogo kuanza kuingia kwa wingi miaka ya 1990, zilikuja na Windows 3.1, kisha Windows 95, na ndani yake shauri lilikuwa limekwisha kukatwa. Tulikabidhiwa jibu bila kuambiwa kwamba palikuwa na swali. Kilwa ilichelewa zaidi hata ya Dar es Salaam, kwa kuwa hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulikuwa unavukwa kwa kivuko, na masika yakikolea barabara ya kusini ilikuwa ikikatika. Kitu chochote cha dukani, sembuse kompyuta, kilifika kwa taabu.

Jambo moja linanisikitisha kila nikilifikiria. Katika Windows 95, ukibofya kwa kitufe cha kulia juu ya ule ukanda wa chini, ilikuwepo amri ya kupanga madirisha yote wima, ubavu kwa ubavu. Ilikuwepo pia, kwa umbo jingine, katika Windows 3.1. Miaka yote ile makarani wa halmashauri walilinganisha orodha mbili kwa kuchapa moja kwenye karatasi na kuiweka mapajani, na dawa ilikuwa mbofyo mmoja tu mbali nao. Masomo ya kompyuta yalifundisha kufungua, kuhifadhi na kuchapisha. Kupanga kioo hakukuwa kipindi.

Mwaka 2004 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili, zilizokuwa huru kwa yeyote kuzinakili. Na Oktoba mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, aina ya Linux iliyokusudiwa watu wa kawaida. Pamoja na Linux ikaja habari ambayo upande wa Windows haukuwa nayo: programu inayopanga madirisha ni kitu cha kuchagua.

Chanzo cha uhuru huo ni MIT, mwaka 1984, ambapo Bob Scheifler na Jim Gettys walianzisha mfumo wa X. Kazi ya X ni kuchora na kupokea mibofyo. Dirisha likae wapi, liwe na ukanda wa juu au lisiwe nao, lipandane au lipangwe, X haina kauli. Hayo yameachiwa programu nyingine, unayoweza kuing'oa na kuweka yako bila kugusa kilichobaki. Waliobuni X hawakutaka kuamua ubishi ule, na kwa kutouamua waliuweka hai. Wale walioamini katika kupanga wakapata mahali pa kuishi. Tuomo Valkonen wa Finland akatoa Ion mwaka 2000. Mwaka 2006 Anselm Garbe akatoa dwm, akajiwekea sharti kwamba isizidi mistari 2000 ya msimbo. Mwaka 2007 ikaja xmonad. Mwaka 2009 Mjerumani Michael Stapelberg akaanzisha i3, ambayo leo ndiyo inayojulikana zaidi katika ukoo huo.

Mwaka huo wa 2009 una uzito wa pekee. Julai, mkongo wa Seacom uliwashwa na Dar es Salaam ikaunganishwa na dunia kwa waya wa baharini, na maktaba za mbali zikaanza kufikika kwa kasi ya kuvumilika. Vioo vya kompyuta mpakato navyo vilikuwa vimeanza kunyooka kwa upana kwa ajili ya filamu. Na tarehe 22 Oktoba, Windows 7 ilitoka na kitu kipya: unalivuta dirisha hadi ukingo wa kulia, linanasa hapo na kujaza nusu ya kioo, unalivuta la pili hadi kushoto, linajaza nusu iliyobaki. Anayependa kibodi anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale. Kile ambacho Star ilikuwa nacho mwaka 1981 kikarudi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa sasa kioo kilikuwa na upana wa kukipokea. Upande wa Linux, mazingira ya eneo-kazi ya KDE yalifuata Februari 2010, ya GNOME Aprili 2011. Windows 10 ya 2015 ikaongeza robo kwenye kona, Windows 11 ya 2021 ikaja na michoro ya kuchagua mpangilio. Apple, waliotangulia kupandanisha kwa ustadi kuliko wote, waliingiza unasaji wa ukingoni katika macOS Septemba 2024.

Turudi kwenye ule mpakato wa nukta 1366. Ukiugawa, kila nusu inapata nukta 683. Ukurasa wa Strong wa mwaka 1895 uliokatwa pambizo zake unasomeka humo, Barros katika tafsiri anasomeka upande wa pili, na herufi hazihitaji kufinywa hadi macho yaume. Kinachobana ni kimo. Nukta 768 zikitolewa ukanda wa chini wa mfumo, ukanda wa juu wa kila dirisha na safu ya menyu, unajikuta umepoteza mistari kadhaa ya maandishi. Hapo ndipo uchaguzi wa programu ya kupanga madirisha unapokuwa na uzito wa kweli, na ndipo nina maoni.

Kwa mashine inayotumiwa na watu wengi, tuseme ya ofisi ya kata, ya shule au ya steshenari, ningeweka Linux yenye eneo-kazi la Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Haili kumbukumbu nyingi, inafanana na kile watu walichozoea, na madirisha yake hunasa ukingoni. Tangu toleo la 4.12 la mwaka 2015 yananasa hata kwenye kona. Ina mtego mmoja wa kuuangalia kwanza. Katika mipangilio yake kuna kisanduku kinachoamuru dirisha likivutwa hadi ukingoni lihamie kwenye eneo-kazi linalofuata. Kisanduku hicho kikiwa kimetiwa alama, dirisha litaruka na kutokomea badala ya kunasa, na mtumiaji atadhani kompyuta imeharibika. Kiondolee alama, kisha hakikisha kile cha kupanga madirisha yanayokaribia ukingo kimewashwa. Anayeijua Windows 7 hatahitaji kufundishwa zaidi ya hapo.

Kwa mashine ya mtu mmoja, anayesoma na kuandika kutwa, i3 inaishinda. Hakuna kuvuta chochote. Dirisha la kwanza linajaza kioo. La pili likifunguka, la kwanza linajipunguza hadi nusu papo hapo. La tatu litaigawa nusu moja, wima au kwa ulalo, ukibonyeza kitufe cha kugawa kabla ya kulifungua. Kumbukumbu zake zimepangwa kama mti: kila tawi ni sehemu ya kioo, na kila jani ni dirisha. Kanda za juu zinaweza kuondolewa zote, na ule ukanda wa chini ukafichwa mpaka utakapouita, hivyo mistari iliyopotea inarudi. Maeneo-kazi yana namba: la 1 kwa habari mbili za Kilwa, la 2 kwa picha za sarafu za shaba za Kilwa zenye jina la Ali bin al-Hasan, la 3 kwa rasimu yako mwenyewe, na kuhama ni kubonyeza vitufe viwili. Kwenye mipakato ya mtumba padi ya kugusa mara nyingi imechoka, inaruka au haisikii kidole, kwa hiyo mpangilio unaoendeshwa na kibodi peke yake unaiongezea mashine ya namna hiyo miaka ya kufanya kazi.

Gharama yake ni siku za mwanzo. I3 haikupi menyu wala kitufe cha kubahatisha. Asiyejua vitufe hukaa mbele ya kioo kitupu asijue pa kuanzia. Nisingemwekea mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki bila kuketi naye kwanza na kumwandikia vitufe vyake kumi kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Mtu akilazimishwa chombo asichokielewa, hurudi kwenye madirisha ya kupandana na kuapa kutotoka tena, na hapo nafasi yote inakuwa imepotea.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mchaguzi wa leo anapaswa kulijua, kwa sababu ule mpango wa 1984 unafikia ukingoni. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha Wayland, mrithi wa X. Katika Wayland kazi mbili zilizotenganishwa MIT zimeunganishwa tena: anayechora kioo ndiye huyohuyo anayepanga madirisha. Picha zinatulia zaidi na programu moja haiwezi kuchungulia vitufe vinavyobonyezwa katika nyingine, na hayo ni manufaa makubwa. Lakini huwezi tena kung'oa kipande kimoja na kuacha kingine. Ukibadilisha mpangaji, umebadilisha mfumo mzima wa kioo, na mtu mmoja mwenye mistari 2000 ya msimbo hawezi kwa urahisi kuingia ulingoni kama Garbe alivyoingia. Ubuntu ya Oktoba 2025 imekwisha kuondoa njia ya kuingia GNOME kupitia X. KDE imeweka upangaji wa madirisha ndani ya eneo-kazi lake, Plasma, kuanzia toleo la 5.27 la Februari 2023, ingawa kwa mpakato mkongwe ni mzito kuliko Xfce.

Mwenye kompyuta ya mtumba Kilwa Masoko hana sababu ya kukimbilia Wayland. X bado inafanya kazi, Xfce na i3 bado zinatunzwa. Siku atakapolazimika kuhamia Wayland, ipo Sway, iliyoanzishwa na Drew DeVault kwa kuifuata i3 hatua kwa hatua, nayo itasoma faili la mipangilio aliloliandika kwa ajili ya i3 karibu lote kama lilivyo, pamoja na vitufe vyake vilevile.